Goti la mama limevimba baada ya PRP, je ni zile seli nyeupe?

Dada mmoja wa Kisauni ameniandikia swali refu, nalifupisha. Mamake ana miaka 61, magoti yamesagika, eksirei inaonyesha goti la kulia nafasi imebaki kidogo. Walimdunga PRP, ile sindano inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, mara ya kwanza kliniki moja, ikauma siku moja basi. Mara ya pili wakaenda kwengine kwa sababu ya bei, usiku huohuo goti likajaa, likawa moto, siku tatu hawezi kushuka ngazi wala kusujudu, anasali kwenye kiti. Wakapiga simu wakaambiwa hizo ni seli nyeupe za damu zinafanya kazi, inflamesheni, yaani ule uvimbe na joto, ndo dawa yenyewe, vumilieni. Jirani yao ambaye ni nesi akasema hapana, ameze Diclofenac haraka uvimbe ushuke. Sasa ni siku ya sita, uvimbe umepungua lakini haujaisha, na dada anauliza nani anasema kweli na je, mama adungwe ile ya tatu? Halafu akaongeza kitu alichokiona kwa macho yake, kwamba mara ya kwanza bomba la sindano lilikuwa na maji ya manjano, mara ya pili yalikuwa mekundumekundu.

Dada yangu, pole sana na umfikishie bi mkubwa pole zangu. Nianze na la haraka. Goti kuvimba na kuuma siku mbili tatu za kwanza baada ya PRP halafu likaanza kushuka lenyewe, hilo mara nyingi ni mwitikio wa ile sindano, na kwa maelezo yako mama yuko hapo. Lakini likigeuka likaanza kuzidi tena, au akapata homa, akatetemeka, ngozi ikawa nyekundu, au hata kulikunja kidogo tu anapiga kelele, usinipigie mimi wala usirudi kliniki kuuliza, mpeleke siku hiyohiyo Coast General au popote penye daktari wa mifupa goti livutwe maji. Yale maji yanapelekwa maabara, yakikutwa na seli nyeupe zaidi ya 50,000 kwa kila maikrolita daktari anashuku sana kuwa bakteria wameingia, ila goti lililotoka kudungwa PRP laweza kuwa na seli nyingi hata bila mdudu wowote, kwa hivyo hesabu peke yake haitoshi, lazima pia yaangaliwe kwa darubini na yaoteshwe maabara kuona kama kuna vijidudu. Na kama mtu hayuko mahututi asianzishiwe antibayotiki kabla maji hayajavutwa, manake dawa ikishaingia mwilini vijidudu huenda visiote tena maabara na mtabaki mnabahatisha. Goti lenye usaha linaharibika kwa siku chache tu, ndo maana nimeliweka hili mbele ya maneno yote.

Sasa tuje kwenye ile rangi, manake jibu la swali lako liko mle ndani ya bomba. PRP ni damu ya mgonjwa mwenyewe, inatolewa mkononi, inawekwa kwenye chupa zenye dawa ya kuzuia isigande halafu inazungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifyuji. Vitu vizito vinashuka chini vyepesi vinabaki juu. Chini kabisa zinakaa seli nyekundu, juu inabaki plazma ya manjano, na katikati yao kuna utando mwembamba mweupe kama malai juu ya maziwa, haufiki hata asilimia 1 ya damu yote. Utando huo ndo kila kitu. Humo mna seli nyeupe zote karibu, na platileti nyingi sana zimejazana hapohapo au juu yake kidogo tu, kwa hivyo anayevuta plazma anapokaribia kuzifikia platileti tayari amezikaribia seli nyeupe, na akizidisha milimita chache anavuta na nyekundu.

Platileti ndo tunazozitafuta. Ni zile chembe ndogo zinazoziba ukijikata, mtu mzima ana kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila maikrolita ya damu, na ndani yake zina vifuko vilivyojaa protini zinazoziamrisha seli nyengine zikue, zijenge mishipa midogo ya damu, zitengeneze kolajeni, ile protini inayoshikilia tishu. Wazo la PRP ni kuzikusanya ziwe nyingi kuliko kawaida halafu kuzimwaga pale panapouma.

Kuna njia mbili kubwa za kuitengeneza na hapa ndo watu wengi hawaambiwi. Njia ya kwanza damu inazungushwa mara moja taratibu, mtu anavuta plazma ya juu tu na sindano inasimama kabla haijagusa ule utando mweupe. Anapata maji ya manjano safi, platileti zimeongezeka labda mara mbili au tatu, seli nyeupe karibu hakuna. Njia ya pili damu inazungushwa mara mbili na ule utando unachukuliwa makusudi, platileti zinaruka mara nne, tano, hata zaidi, lakini na seli nyeupe nazo zinakuja kwa wingi kuliko zilivyo kwenye damu ya kawaida, na mara nyingi nyekundu nazo zinafuata, ndo rangi inakuwa ya waridi au nyekundu. Zote mbili zinaitwa PRP, zote mbili zinauzwa kama PRP, risiti itaandikwa PRP. Mwaka 2009 walijitokeza watafiti wakapanga kabisa makundi, yenye seli nyeupe kando na isiyokuwa nazo kando, kwa sababu waliona watu wanalinganisha dawa mbili tofauti kwa jina moja. Mama yako, kwa ninavyoona mimi kutokana na rangi uliyoniambia, amepata moja mara ya kwanza na nyengine mara ya pili, na hamkuambiwa. Hilo ndo linaniudhi hasa, si kwamba walitumia ile nyekundu, ni kwamba mgonjwa hakujua anadungwa nini.

Je, zile seli nyeupe zinafanya nini? Aliyewaambia kwenye simu hakusema uongo, alisema nusu. Ukiumia popote, platileti zinaziba na kutoa ishara, ndani ya masaa machache seli nyeupe zinazoitwa nyutrofili zinafurika pale, hizo ndo nyingi zaidi kati ya seli nyeupe za damu. Kazi yao ni kuua vijidudu na kuyeyusha tishu iliyokufa, na silaha zao ni vimeng'enya vinavyokata protini pamoja na kemikali kali za oksijeni. Joto, wekundu, uvimbe na maumivu ndo hayo, inflamesheni. Baada ya siku moja mbili monosaiti, seli nyeupe za aina nyengine, zinaingia, zinageuka makrofeji, zinafagia zile nyutrofili zilizokufa na baadaye zinabadilika tabia, badala ya kupigana zinaanza kutoa ishara za kujenga. Bila hatua ile ya kwanza kidonda hakiponi vizuri, ni kweli kabisa. Hata jeraha la upasuaji hupona kwa kupitia hapo.

Lakini vimeng'enya vile vya nyutrofili havina macho. Vinakata kolajeni, basi, iwe kolajeni iliyoharibika au nzima. Na gegedu la goti, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, limejengwa kwa kolajeni. Tena goti la mtu wa miaka 61 lililosagika si jeraha jipya linalosubiri inflamesheni ianze, ni kiungo ambacho tayari kina inflamesheni ya chinichini miaka na miaka, utando wake wa ndani umekasirika, maji yake yana zile protini za uchochezi kama interlukini 1 na TNF ambazo zenyewe zinasukuma seli za gegedu zibomoe kuliko kujenga. Ukimwaga mle nyutrofili mamilioni unaongeza kile ambacho kilikuwa kimezidi tayari. Kwa hivyo maneno ya kwamba inflamesheni ndo dawa yanaweza kuwa na maana mahali pengine mwilini, nitakuja hapo, lakini kwa goti la mama mimi siyakubali.

Na zile nyekundu ndo hazina utetezi kabisa. Hazileti faida yoyote ndani ya goti, zinapasuka, zinaacha hemoglobini na chuma, na utando wa goti unakasirika zaidi. Mwaka 2014 kuna watafiti walichukua seli za utando huo wa goti la binadamu wakaziweka maabara na vitu hivi kimojakimoja, na seli zilizokufa zaidi ni zile zilizowekwa pamoja na seli nyekundu na zile za PRP yenye seli nyeupe nyingi. Hayo ni ya kwenye sahani ya maabara, goti la mtu aliye hai ni jambo jengine, lakini yanaelekea kulekule.

Kwa watu wenyewe sasa tumeona nini? Kuna kazi ya Waitaliano wa Bologna ya mwaka 2012, wagonjwa 144 wenye magoti kama ya mama, nusu wakapata ile ya kuzungushwa mara moja isiyo na seli nyeupe, nusu wakapata ya mara mbili yenye nazo. Baada ya mwaka wote walikuwa wamefikia karibu pamoja. Tofauti ilikuwa ni baada ya sindano, waliopata yenye seli nyeupe waliumwa na kuvimba zaidi. Mwaka 2022 wakarudia kwa watu 192, tena matokeo ya mwisho yakafanana. Soma hapo polepole dada yangu, manake linajibu maswali yako mawili kwa pamoja. Kwanza, yale mateso ya siku tatu hayakumpa mama goti bora kuliko ambalo angelipata bila mateso, kwa hivyo yule wa kwenye simu aliyesema vumilieni ndo dawa, ushahidi haumuungi mkono. Pili, sioni sababu ya kuamini kwamba mama ameharibikiwa na goti kwa sindano moja, hofu hiyo itoe moyoni.

Nikuambie pia lile ambalo kliniki nyingi hazisemi. Mwaka 2021 ulitoka utafiti mkubwa wa Australia, watu 288, sindano tatu, moja kila wiki, PRP yenye seli nyeupe chache, upande wa pili wakadungwa maji ya chumvi tu bila kujua. Baada ya miezi 12 maumivu yalipungua pande zote mbili na tofauti kati yao haikuwa ya maana, na picha za MRI za gegedu nazo hazikutofautiana. Walioukosoa wakasema platileti kwenye ile PRP hazikuwa nyingi vya kutosha, na ni hoja ya haki, kuna tafiti nyengine ambazo zimeona nafuu. Mimi kwa wagonjwa wangu nasema hivi, PRP inaweza kumpunguzia mtu maumivu kwa miezi kadhaa, hairudishi gegedu lililokwisha, na yeyote anayekuahidi kwamba goti litaota upya anakuuzia kitu ambacho hakiko ndani ya bomba.

Nilisema kuna mahali seli nyeupe zina watetezi. Ni kwenye kano, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa. Vijana wanaocheza mpira Tononoka, mafundi seremala, mama wa kukuna nazi na kusukuma chapati kila siku, wakipata maumivu ya muda mrefu kwenye kiwiko upande wa nje, pale kano imechakaa na imelala, damu haifiki sana, mwili umeacha kuishughulikia. Hapo kuamsha inflamesheni kwa makusudi kunaweza kuianzisha upya ile safari ya kupona. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2014 ulichukua watu 230 wa kiwiko hicho, wakapewa PRP yenye seli nyeupe au kuchomwachomwa sindano ileile na ganzi tu bila PRP. Kufikia wiki 24 waliofanikiwa ni asilimia 83.9 dhidi ya 68.3. Si kitu kidogo, ingawa uone pia kwamba hata wasiopata PRP wengi walipona. Na usidhani kano zote ni sawa, kano ya kisigino ilijaribiwa Uingereza kwa watu 240, matokeo yakatoka 2021, PRP haikuishinda sindano ya uongo. Kwa hivyo ukisikia jirani kadungwa ile nyekundu kwenye kiwiko na anaisifu, anaweza kuwa mkweli, lakini kiwiko chake hakiwezi kuwa ushahidi wa goti la mama.

Haya, Diclofenac. Nesi jirani yenu alikuwa na huruma na sitamlaumu, ila kwa PRP tunazikataza dawa za jamii hiyo, Diclofenac, Brufen na ndugu zake, kwa kawaida wiki moja kabla na wiki mbili hivi baada. Zinazuia njia ambayo platileti zinatumia kuamka, yaani unalipa pesa kuzileta halafu unazilaza. Aspirini ndo zaidi, platileti ikishaguswa na aspirini haifufuki mpaka maisha yake yaishe, siku 7 mpaka 10. LAKINI kama mama anameza aspirini ndogo ya moyo asiiache kwa sababu ya goti, kamwe, mpaka daktari wake wa moyo aseme. Na umri ule, kama ana presha au figo zina shida, Diclofenac ina madhara yake hata bila habari ya PRP, inapandisha presha na kuzibana figo. Apewe Panadol kwa kipimo, mguu aunyanyue juu ya mto, aweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hivi kama inamtuliza, apumzike na ngazi kidogo ila asilale kitandani mchana kutwa, goti linataka kukunjwa polepole lisigande. Kama alishameza tembe mbili tatu za Diclofenac usimgombeze, hakuna kilichoharibika cha kulia.

Ile ya tatu je? Kwanza isiwe sasa, goti lishuke kabisa, awe anatembea kama alivyokuwa kabla. Halafu usianzie na pesa, anza kwa kumwuliza atakayemdunga, wewe mwenyewe, mbele ya mama: hii mnayotengeneza ina seli nyeupe au haina? Mnazungusha mara ngapi? Sindano yenu inasimamia wapi? Mtaalamu wa kweli atafurahi kuulizwa na atakuonyesha ile chupa imepangana tabaka. Akianza kukwepa au kukuambia PRP zote ni sawa, asante, mnainuka. Kwa goti lililosagika mimi nataka ile ya manjano, isiyo na seli nyeupe, na ikitoka ya waridi nataka waseme kwa nini, siyo waidunge tu kwa sababu imeshatoka mkononi.

Mwombe pia afanyiwe hemogramu kabla, ni kipimo cha kawaida cha kuhesabu seli za damu na si ghali. Inaonyesha platileti zake ni ngapi, manake zikiwa chache tangu mwanzo hakuna mashine itakayozifanya nyingi, na inaonyesha seli nyeupe. Hapo usishtuke ukiona nyutrofili ziko chini ya mstari wa karatasi, Waafrika wengi wanazo chache kwa maumbile tu na ni wazima kabisa, ile mistari mingi ilipangwa kwa damu ya Wazungu. Zikiwa juu sana ndo nauliza, pengine kuna maambukizi mahali, jino, mkojo, kidonda cha mguu, na hapo hadungwi mtu. Sukari nayo ipimwe. Hapa pwani wenye sukari ni wengi na baadhi hawajijui, na sukari ikiwa juu kiungo kilichodungwa kinaingiwa na mdudu kwa urahisi zaidi.

Na macho yako yasitoke kwenye zile chupa. Jina la mama liandikwe juu ya chupa palepale damu inapotolewa, sindano mpya ifunguliwe mkiwa mnaona, na kama wagonjwa wawili wanatengenezewa kwa wakati mmoja hakikisha hazichanganywi. Sisemi hivi kukutia hofu ya bure. Marekani mwaka 2024 idara yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa ripoti ya wanawake walioambukizwa virusi vya Ukimwi kwenye saluni moja ya urembo jimbo la New Mexico, isiyokuwa na leseni, iliyokuwa ikiwafanyia PRP ya uso, na uchunguzi ukakuta chupa za damu hazina majina na vifaa vya kutumika mara moja vinarudiwa. Damu ya mtu mwenyewe ni salama kwake mwenyewe, ikifika kwa mwengine ni balaa.

Ukiniuliza kwa moyo mmoja kama mamangu angekuwa ndiye, ningemwambia asubiri wiki sita mpaka nane tuone zile mbili zimemfanyia nini. Katika muda huo hela ya sindano ya tatu ningeipeleka kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amfundishe mazoezi ya paja la mbele, na kama ana uzito wa ziada tuupunguze taratibu, haya mawili yana ushahidi mzuri kwa goti kuliko bomba lolote. Baada ya hapo kama anasema kweli nimepata nafuu na nafuu imeanza kuisha, basi adungwe, ya manjano, kwa mtu aliyewajibu maswali yote. Kama hajaona tofauti yoyote, ya tatu haitafanya ambacho mbili hazikufanya, aende akaonane na daktari wa mifupa na ile eksirei yake mkononi wazungumze njia nyengine. Niandikie wiki ijayo uniambie uvimbe umefika wapi, na kama kliniki ya pili walikupa karatasi yoyote ya jinsi walivyotengeneza ile PRP ipige picha unitumie.